CHETI CHA POLISI NA NGOJANGOJA YA UGENINI

MTU anayetaka kuhamia nchi nyingine na kukaa huko daima hana budi kwanza kueleza yeye ni nani. Huulizwa jina lake na la baba yake, kazi yake, elimu yake, afya yake, fedha zake, na kila mahali alipopata kukaa. Juu ya hayo hutakiwa kuleta cheti cha polisi, kionekane kwamba hakupata kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Sisi hatuna ugomvi na desturi hiyo. Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni atokako kabla ya kumfungulia mlango, na mgeni mwenye nia njema hachukii kuulizwa.

Ugomvi wetu ni kwamba mgeni akisha kujibu huachwa amesimama nje muda mrefu, hata majibu yake yakahesabiwa kuwa yamechakaa, ndipo akaambiwa ajibu upya. Hapo twaona kuna dhuluma, ijapokuwa pengine haikukusudiwa na mtu yeyote. Na kwa kuwa miongoni mwa wanaoumia wamo ndugu zetu wengi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, haifai tunyamaze.

Leo tutaizungumza Kanada. Hatukuichagua kwa kuwa ni mbaya kuliko nyingine. Tumeichagua kwa sababu sheria zake zimeandikwa wazi, hesabu zake hutangazwa, na wakaguzi wake husema kweli hata juu ya Serikali yao wenyewe. Nchi ya namna hiyo yaweza kuambiwa neno ikasikia.

Sheria ilivyo

Kanada huendesha mambo haya kwa Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Juni 28, 2002. Sheria hiyo yampa afisa wa uhamiaji uwezo wa kumkataa mtu aliyehukumiwa kwa makosa ya jinai ya aina fulani, hata kama yalitendwa nje ya Kanada. Sasa, afisa aliyeko Ottawa hawezi kujua kilichoandikwa katika daftari za polisi wa Moshi au wa Kisumu. Kwa hiyo humwambia mwombaji mwenyewe amletee habari hiyo kwa maandishi. Hicho ndicho cheti cha polisi, ambacho wengi wetu hukiita cheti cha tabia njema.

Jina hilo la pili huwapoteza watu kidogo. Cheti hakisemi kwamba mtu ni mwema, wala kwamba majirani zake wanampenda. Chasema tu ya kuwa daftari limetazamwa na mtu huyo hakuonekana katika orodha ya waliohukumiwa. Twalisema jambo hili kwa kuwa wako vijana wanaodhani kuwa cheti ni hisani apewayo mtu na polisi, nao huanza kutafuta mtu wa kuwasaidia kwa mlango wa nyuma. Cheti ni habari ya daftari. Raia asiye na hukumu ana haki ya kukipata, na hapaswi kumshukuru mtu kwa kitu chochote zaidi ya stakabadhi ya ada aliyolipa.

Kila mwombaji wa ukaazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi hutakiwa cheti hicho, pamoja na mkewe au mumewe na watoto waliofikia umri huo. Wale waombao kwa ujuzi wa kazi hupitia utaratibu uitwao Express Entry, ulioanza Januari 1, 2015. Hao hutakiwa vyeti vya kila nchi waliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Cheti cha nchi uliyohama zamani hakina haja ya kuwa kipya, maadam kilitolewa baada ya wewe kumaliza kukaa huko. Lakini cheti cha nchi unamokaa sasa lazima kiwe kimetolewa katika muda usiozidi miezi 6 kabla ya ombi kupelekwa. Na mtu akisha kuitwa alete ombi kwa utaratibu huo, hupewa siku 60 tu za kutimiza kila kitu.

Siku 60 zaonekana nyingi kwa mtu aliyezaliwa Toronto, akasoma Toronto, akafanya kazi Toronto. Kwa watu wetu si hivyo, na tutaeleza kwa nini.

Mfano wa nesi

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini unaofanana na mambo ya kila siku. Yupo nesi mzaliwa wa Mwanza, mwenye miaka 34. Alisomea kazi yake Nairobi miaka mitatu. Kisha akaenda Maskati kufanya kazi ya hospitali miaka minne. Sasa amerudi, na huu ni mwaka wake wa pili Dar es Salaam. Ameitwa na Kanada alete ombi. Katika siku 60 hizo anatakiwa vyeti vitatu: cha Kenya, cha Oman na cha Tanzania.

Kwa Kenya, cheti hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Fomu hujazwa kwa eCitizen, alama za vidole huchukuliwa, na kwa miaka mingi ada imekuwa shilingi 1,050 za Kenya. Mtu aliyeko Nairobi aweza kwenda makao makuu ya idara hiyo, Barabara ya Kiambu, au kwenye Kituo cha Huduma. Lakini nesi wetu hayuko Nairobi. Kwa Oman, daftari liko kwa Polisi wa Kifalme wa nchi hiyo, na yeye hana tena kibali cha kukaa kule. Hana budi kutafuta njia ya kuomba akiwa mbali. Kwa Tanzania lazima aende kwa Jeshi letu la Polisi, akachukuliwe vidole na kungoja zamu yake. Hayo yote atayafanya huku akiendelea na kazi ya zamu za usiku hospitalini, kwa maana mshahara ndio utakaolipa ada. Ada nayo si ndogo. Kuanzia Aprili 30, 2024, mwombaji mwenye ujuzi alitakiwa kulipa dola 950 za Kanada za kushughulikiwa kwa ombi, na dola 575 nyingine za haki ya kukaa. Jumla dola 1,525 kwa mtu mzima mmoja, kabla ya daktari, kabla ya mtihani wa lugha, na kabla ya hivyo vyeti vitatu.

Ziko pia nchi ambazo polisi wake hawampi mtu cheti ila wapate kwanza barua kutoka Serikali inayokihitaji. Kwa nchi kama hizo Kanada imeweka njia: mwombaji hupeleka ombi lake bila cheti, kisha huandikiwa barua ya kwenda nayo polisi. Hilo ni jambo la busara, nasi twalisifu. Lakini mtu asiyejua kusoma maelezo marefu ya Kiingereza au Kifaransa huweza kupoteza majuma mengi akibisha mlango usiofunguliwa bila barua.

Halafu kuna vidole vyenyewe. Mwashi aliyeshika saruji miaka ishirini, mama aliyelima kwa jembe tangu utoto wake, mfanyakazi aliyefua kwa dawa kali katika nyumba za watu, hao wote michirizi ya vidole vyao huwa imelika. Karatasi yao hurudishwa kwa kuwa alama hazisomeki, nao huambiwa waje tena. Mtu huadhibiwa kwa kuwa alifanya kazi kwa mikono yake, hali kazi hiyo ndiyo inayomfanya atakiwe ugenini.

Kumbukumbu ya kipande

Wazee wetu wa Kenya wanalo jambo la kukumbuka hapa. Serikali ya kikoloni ilitunga mwaka 1915 sheria ya kuandikisha Waafrika, nayo ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alipewa kipande chenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, akakitia katika kijaluba cha bati na kukivaa shingoni. Mzungu hakuvaa kipande. Kilichowachoma watu moyo hakikuwa wino wa vidoleni tu. Ilikuwa ni kuona kwamba mtu mmoja hudhaniwa mkosa mpaka athibitishe vingine, na mwingine hudhaniwa mwema bila kuulizwa.

Hatusemi kwamba cheti cha Kanada ni kipande. Kanada humtaka cheti Mwingereza kama imtakavyo Mtanzania, na hiyo ni tofauti kubwa ambayo mtu mwadilifu hawezi kuificha. Lakini usawa wa sheria katika maandishi huweza kuzaa kutolingana katika matendo. Ikiwa sheria ni moja, na ofisi ya Ulaya yaamua upesi na ya Afrika yachelewa, basi cheti cha yule huamuliwa kingali kipya na cha huyu huchakaa. Tena hatusemi kwa kukisia, maana ushahidi wa jambo hili umetoka Kanada kwenyewe.

Aliyoyaona Mkaguzi Mkuu

Mwezi Oktoba 2023 Mkaguzi Mkuu wa Kanada alitoa taarifa juu ya maombi ya ukaazi wa kudumu. Alieleza kwamba waume na wake waliokuwa nje ya Kanada walikuwa wakingoja kwa wastani miezi 15 ili kukutana na wenzi wao, ingawa lengo la idara lilikuwa miezi 12. Wakimbizi waliodhaminiwa na watu binafsi walikuwa wakingoja kwa wastani miezi 30. Wakimbizi wana utaratibu wao wa kuchunguzwa, tofauti na wa nesi wetu, lakini foleni ni ile ile na maafisa ni wale wale.

Taarifa hiyo yasema jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Kazi iligawanywa kwa ofisi za nje bila kupimwa kama ofisi hizo zina watu wa kutosha kuimaliza, na miongoni mwa zilizoonekana kulemewa zilikuwamo za Nairobi na Dar es Salaam. Kadhalika ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya maombi ya wakimbizi waliosaidiwa na Serikali kutoka Somalia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yalikuwa yamepita muda wake, lakini kwa Syria ilikuwa theluthi moja tu. Basi Mkongomani mwenye kesi sawa na Msyria alingoja zaidi, si kwa kosa lake, bali kwa kuwa faili lake lilipelekwa penye meza chache.

Sababu za mrundikano huo zajulikana. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga ofisi. Mwaka 2021 wakaja Waafghani, na mwaka 2022 Waukraine, na wote walistahili kusaidiwa. Katika mwaka huo wa 2022 maombi ya kila aina yaliyokuwa mikononi mwa idara yalipita milioni 2. Kisha siasa ikageuka. Mwezi Oktoba 2024 Serikali ya Kanada ilitangaza kwamba kwa mwaka 2025 itapokea wakaaji wa kudumu 395,000, badala ya 500,000 iliyokuwa imepanga awali. Na mwezi Novemba 2025 ikatangaza 380,000 kwa mwaka 2026. Hiyo ni haki yake. Lakini nafasi zikipungua na waliokwisha kupanga foleni ni wale wale, kungoja huzidi, na kila mwezi unaozidi hula uhai wa karatasi za waliomo.

Kisa cha mwaka 2012

Kuna kisa ambacho kila mwombaji yampasa kukijua. Zamani maombi ya wenye ujuzi wa kazi yalikuwa yamerundikana miaka mingi. Mwezi Machi 2012 Serikali ya Kanada ilitangaza kwamba maombi yaliyopelekwa kabla ya Februari 27, 2008, na ambayo yalikuwa hayajaamuliwa, yatafutwa kwa sheria na ada zitarudishwa. Sheria ikapita mwezi Juni mwaka huo. Waliohusika, pamoja na wake, waume na watoto wao, walikadiriwa kuwa watu kama 280,000. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ya Shirikisho ikasema kwamba Bunge lilikuwa na uwezo wa kufanya hivyo.

Ada ilirudishwa. Lakini nani aliyerudisha miaka? Mtu aliyekuwa na miaka 30 alikuwa na 34 au zaidi. Alikataa kazi kwa kuwa alidhani anaondoka. Hakujenga kwa kuwa alidhani anaondoka. Mwingine aliahirisha ndoa. Hayo hayana stakabadhi, wala hayarudishwi kwa hundi.

Twakubali kwamba mwombaji anayo njia ya sheria. Aweza kuiomba Mahakama ya Shirikisho imwamuru afisa atoe uamuzi, awe wa kukubali au wa kukataa. Katika kesi iitwayo Conille, mahakama hiyo ilieleza mambo matatu ya kutazamwa: kwamba muda umezidi kiasi ambacho kazi yenyewe yahitaji, kwamba mwombaji mwenyewe siye aliyesababisha kuchelewa, na kwamba wakubwa hawakutoa sababu ya kutosha. Ni maneno ya haki. Lakini wakili wa Kanada hulipwa dola, na nesi wa Mwanza hulipwa shilingi. Haki iliyo mbali na mfuko wa mtu ni kama embe lililo juu ya mti usiopandika.

Twayaomba haya kwa Kanada

Watu watatuuliza, je, mwataka Kanada isijue ni nani anayeingia kwake? La. Twataka iulize mara moja, tena kwa wakati wenye maana.

Hebu tufikiri. Cheti kinachotolewa siku ya kuomba hakimkingi Mkanada na kosa litakalotendwa mwaka unaofuata. Ikiwa hofu ya afisa ni kwamba mtu aweza kukosa huku akingoja, basi cheti chenye manufaa ni kile cha mwisho, faili likiwa mezani tayari kuamuliwa. Na ikiwa hana hofu hiyo, basi cha kwanza chatosha. Hatuoni sababu ya kumdai mtu cheti kipya mwanzoni, kisha kumdai kingine kipya baadaye, kwa ajili ya muda ambao si yeye aliyeupoteza. Idara na ichague mlango mmoja wa kuulizia.

Tena Kanada imekwisha kuikubali kanuni hii katika jambo jingine. Mtoto wa mwombaji huhesabiwa kuwa ni tegemezi akiwa hajatimiza miaka 22, kwa kanuni iliyoanza Oktoba 24, 2017. Umri wake hufungwa siku ombi linapopokelewa. Akiwa na miaka 21 siku hiyo, hata ofisi ikikawia naye akafika 23, hapotezi nafasi yake. Kwa nini? Kwa sababu watunga kanuni waliona kwamba si haki mtoto kuumizwa na polepole ya ofisi. Sisi twasema: hukumu hiyo ni njema, basi na ienee. Yale yaliyo kweli kwa miaka ya mtoto ni kweli kwa karatasi ya mama yake.

La pili, ofisi za Nairobi na Dar es Salaam zipewe watu wa kutosha kwa kazi zilizopewa. Mkaguzi Mkuu amekwisha kusema. Sisi twakazia tu.

La tatu, mwombaji aambiwe ukweli juu ya faili lake. Neno "linashughulikiwa" likisomwa miezi kumi na nane mfululizo halina maana tena. Mtu akiambiwa kwamba kesi yake haitaguswa mwaka huu, atapanda mahindi yake, ataoa, atajenga. Anayeumizwa zaidi ni yule aliyeachwa kati ya kwenda na kubaki.

Nasi tujitazame

Lakini haitufai kuwanyooshea wengine kidole bila kuyatazama ya nyumbani. Sehemu ya ngojangoja hii hutengenezwa na sisi wenyewe.

Kwanza, cheti cha polisi kiwe karibu na mwananchi. Mtu wa Kigoma au wa Mtwara asilazimike kusafiri mamia ya maili kwa ajili ya karatasi moja, maadam siku hizi alama za vidole zaweza kuchukuliwa kwa mashine mkoani na kupelekwa makao makuu kwa dakika chache. Siku ya kulipa ada aambiwe tarehe ya kupata cheti, na tarehe hiyo iheshimiwe. Mwenye vidole vilivyolika naye awekewe utaratibu wake, asirudishwe nyumbani kila mara kama mtu aliyekosa.

Pili, balozi zetu zisaidie. Mtanzania aliyeko Ughaibuni ambaye anatakiwa cheti cha nyumbani asitegemee shangazi yake aliyebaki Tabora ampigie hodi polisi. Ubalozi uchukue vidole, upokee ada, utoe stakabadhi, na ufuatilie.

Tatu, kuna kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tumewaambia watu wetu watembee. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, nayo yasema mfanyakazi wa nchi moja mwanachama aweza kwenda kufanya kazi katika nyingine. Wametii, Mganda yuko Kigali, Mrundi yuko Nairobi, Mtanzania yuko Lubumbashi. Sasa kila aliyetembea, akitakiwa vyeti, huhangaika kwa kila polisi peke yake. Kwa nini wakuu wa polisi wa nchi wanachama wasikubaliane kwamba mtu apeleke ombi moja katika nchi anamokaa, na daftari za nchi nyingine zitazamwe kwa niaba yake? Wezi wa magari hutafutwa kwa ushirikiano wa polisi wa nchi hizi. Basi ushirikiano huo umsaidie na mtu asiyeiba.

Nne, tukumbuke kwamba nasi tumepata kuwangojesha watu. Wakimbizi wa Burundi waliokuja Tanzania mwaka 1972 walifunguliwa njia ya uraia kwa mpango ulioanza mwaka 2007. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa, na dunia nzima ilitusifu kwa ukarimu huo, kwa haki kabisa. Lakini kati ya kukubaliwa kwao na kupewa vyeti vyao mikononi ilipita miaka; vyeti vilianza kutolewa kwa wingi Oktoba 2014. Katika muda huo walikuwa watu ambao si wa huko tena wala si wa huku bado. Tuliojua ilivyokuwa katika vijiji vya Katumba, Mishamo na Ulyankulu hatuna haja ya kuelezwa maana ya kungoja karatasi.

Kwa ndugu zetu waombaji

Tumalizie na nyinyi ndugu mnaoomba. Ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumwa hutafuta dawa yoyote. Hapo ndipo wenye vyeti vya kughushi wanapofanya biashara yao. Watakuambia, "Nipe fedha, kesho nitakuletea cheti." Usimpe. Kwa sheria ya Kanada, anayesema uongo au kuleta karatasi ya uongo hufungiwa mlango miaka 5. Mtu asiye na kosa lolote, ambaye angepata cheti halali kwa kungoja majuma machache, hujitia mwenyewe kosa ambalo hakuwa nalo.

Ikiwa ulipata kuhukumiwa, useme. Kosa la zamani si lazima liwe mwisho wa safari. Baada ya miaka 5 tangu adhabu kumalizika, mtu aweza kuomba atambuliwe kuwa amejirekebisha, na afisa hupima. Lakini kosa lililofichwa likifichuka huwa makosa mawili.

Ukioa au kuolewa huku ukingoja, au ukipata mtoto, iarifu ofisi mara moja. Wako watu walionyamaza kwa kuogopa kwamba faili litacheleweshwa, nao walipofika waliambiwa kwamba hawawezi kumdhamini mke au mtoto ambaye hawakumtaja. Tena weka daftari la maisha yako: tarehe ya kuingia kila nchi na ya kutoka, nyumba ulimokaa, kazi uliyofanya. Na ukiondoka katika nchi yoyote kwa mara ya mwisho, kama Maskati au Nairobi, omba cheti chake mapema, ungali unakumbuka njia na kibali chako kingali karibu. Cheti cha nchi uliyoihama hakitachakaa mradi hukurudi kukaa tena.

Juu ya yote, usisimamishe maisha. Panda, soma, lipa ada za watoto, wazike wazazi wako kwa heshima, fanya kazi kama mtu atakayebaki. Ukiitwa, utakwenda ukiwa na kitu mkononi. Usipoitwa, hutakuta miaka yako imeliwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wetu wako tayari kushika jembe, hawakuomba kulishwa. Kanada yenyewe yawahitaji, ndiyo maana huwaita kwa majina na kuwahesabia ujuzi wao. Basi anayemwita mtu kazini asimwache uani mpaka jua likatua, kisha akamwuliza tena jina lake.